Naomba ushauri: nibaki wodi ya wagonjwa wa akili ama niende ofisini?

Habari zenu wapendwa, mimi ni nesi hapa Nairobi, miaka 9 sasa niko wodi ya wagonjwa wa akili na 4 ya mwisho ndio nasimamia zamu na manesi wenzangu. Niliingia huku kwa maombi kabisa, nilifunga siku tatu nikiuliza Mungu kama ndio wito wangu maana mama alikua analia ati nitachanganyikiwa na mimi.

Sasa nimepewa barua ya kwenda kazi ya ofisi, mshahara umepanda vizuri na hakuna zamu ya usiku, lakini tangu niipate silali. Juzi asubuhi nikipeana dawa kuna kijana alifungua mdomo akanionyesha chini ya ulimi bila kuambiwa, akasema sista leo nimemeza, na huyo mwezi uliopita alikua anatema zote kwa sababu huko nyumbani aliambiwa ni mapepo tu, aombewe aache dawa. Mimi naomba na wao, na dawa pia nawapa, sioni kama hizo vitu zinapigana.

Pasta wangu anasema mlango ukifunguka ingia, bwanangu anaangalia karo. Lakini manesi wadogo nikiwaacha nani atawashika mkono, wengine bado wanaogopa kuingia wodini peke yao? Waliowahi kutoka wodi wakaingia ofisi, mlijuaje ni Mungu anawatuma na sio uchovu tu? Natakiwa kujibu Ijumaa.