Mjadala: Madaftari ya zamani ya loji za Frimasoni ni mali ya nani?

Mleta mada

Wakuu, naomba tuliongee hili bila kutajiana mapembe na mikia. Nasema hivi: loji yoyote, yaani tawi, ya Frimasoni iliyodumu zaidi ya miaka mia iwafungulie wasomaji madaftari yake ya zamani. Kumbukumbu za mikutano, rejesta za wanachama, hesabu za fedha, vyote. Na isiachiwe yenyewe kuchagua nani asome. Nazungumzia ya zamani tu. Waliomo leo sina haja nao.

Historia ya loji ikiandikwa na wenye loji peke yao hutoka kama hotuba ya mahafali: wakuu waliopita, picha ya jengo, misaada kwa yatima. Ukifungua daftari lenyewe unakutana na watu. Chukua loji ya Edinburgh iitwayo Mary's Chapel. Kumbukumbu zake zinaanzia tarehe 31 Julai 1599, na mwanzo huo hauna siri ya kumtetemesha mtu. Mwashi mmoja, George Patoun, anakiri kosa: alimpa kazi ya dohani kwa siku mbili na nusu mtu ambaye hakupitia uanagenzi. Akanyenyekea, akasamehewa. Basi. Hapo unaona chama cha mafundi kinacholinda riziki yao wasije wakaingiliwa na vibarua wa bei rahisi. Endelea kufunua kurasa hadi mwaka 1634, utakuta wanapokelewa mabwana wakubwa ambao hawajawahi kushika mwiko maishani. Loji ya waashi inageuka loji ya waungwana mbele ya macho yako, na karani aliyeandika huenda hata hakujua anaandika nini.

Sasa tazama pale daftari lilipokosekana. Wengi wamefundishwa kwamba Grand Lodge ya London, yaani loji kuu inayosimamia loji nyingine, ilizaliwa tarehe 24 Juni 1717, kwenye nyumba ya pombe iitwayo Goose and Gridiron. Habari hiyo kaiandika James Anderson mwaka 1738, miaka 21 baada ya tukio. Kumbukumbu za mikutano za Grand Lodge yenyewe zinaanzia 1723. Wapo wanahistoria, Andrew Prescott na Susan Sommers, wanaodai mwaka wa kweli ni 1721. Sherehe ya miaka 300 ilishafanyika 2017, keki ikakatwa. Haya, nani ana daftari la kuwajibu?

Mchangiaji wa pili

Umeanza vizuri, mkuu, lakini umeruka kisima. Orodha ya majina si karatasi tu. Ufaransa, Agosti 1940, serikali ya Vichy, ile iliyoshirikiana na Wajerumani wakati wa vita, ilipiga marufuku vyama vya siri. Mwaka uliofuata majina ya viongozi wa loji yakachapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali, na waliotajwa wakafungiwa kazi za umma. Walimu, makarani wa posta, watu wa kawaida kabisa. Wajerumani wakazoa nyaraka za loji, zikapelekwa mashariki, Warusi nao wakazichukua hadi Moscow, na zilianza kurudi Paris karibu na mwaka 2000. Daftari liliandikwa wakati wa amani, likasomwa wakati wa vita. Aliyeliandika angejua hilo, angelichoma.

Tusiende mbali. Liberia 1980: Samuel Doe alipopindua serikali, Frimasoni ilifungwa, maana watu waliiona kama sebule ya watawala. Jaji Mkuu James Pierre, aliyekuwa pia Grand Master, yaani mkuu wa Frimasoni nchini, alipigwa risasi ufukweni pamoja na mawaziri. Kwa hiyo mtu akisema "fungueni rejesta", mimi nauliza kwanza: nani anaongoza nchi wiki ijayo?

Mchangiaji wa tatu

Mifano yako ni ya kweli, ila inakata pande zote mbili. Machi 1981 polisi wa Italia walipekua mali za Licio Gelli, mkuu wa loji ya siri iitwayo P2, wakakuta orodha ya wanachama wake: majina 962. Mawaziri, majenerali, wakuu wa idara za ujasusi, wenye mabenki, wenye magazeti. Serikali ya Forlani ikaanguka mwaka huohuo. Orodha ile isingekutwa, Waitalia wangejuaje kwamba ndani ya serikali yao kulikuwa na chumba kingine? Mleta mada anaogopa kugusa walio hai. Mimi naona hao ndio wa kuguswa, hasa jaji na polisi. Daftari la 1634 litamsaidia nani mwenye kesi leo asubuhi?

Mchangiaji wa nne

Mnapoteza muda. Kila mtu anajua wanaabudu nini. Wataleta daftari la kuonyesha wageni, la kweli watabaki nalo.

Mleta mada

Naanza na wa mwisho, sitakawia kwake. "Kila mtu anajua" ilikuwa biashara nzuri sana ya Léo Taxil, mwandishi Mfaransa. Kuanzia mwaka 1885 alichapisha vitabu juu ya mashetani ndani ya loji, na viongozi wengi wa kanisa wakamwamini. Tarehe 19 Aprili 1897 akaita watu ukumbini Paris, akawaambia bila haya kwamba yote alitunga. Mpaka leo watu wananukuu vitu vyake bila kujua ni vyake. Uongo wa namna ile hukua vizuri pale mlango ulipofungwa. Daftari la George Patoun na dohani lake lingemharibia Taxil soko.

Wa tatu: P2 nakubali, lakini kumbuka Grande Oriente yenyewe, loji kuu ya Italia, ilishaisimamisha loji ile mwaka 1976. Gelli aliendelea nayo kama mali yake. Italia ikatunga sheria Januari 1982 dhidi ya vyama vya siri, sawa. Baadaye mkoa wa Marche ukataka anayeomba nafasi fulani za umma atangaze kwamba si Frimasoni, na mwaka 2001 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema huko ni kuvunja uhuru wa kujumuika. Uingereza majaji waliulizwa kama ni Frimasoni kuanzia 1998, swali likafutwa 2009. Kwa walio hai, sheria zimejikwaa kila zilipopita. Ndiyo maana nimebaki na waliokufa.

Mchangiaji wa tano

Niseme kama mtu niliyewahi kuwa karani wa loji. Mnabishana kuhusu siri, wakati adui wa madaftari ni mchwa na unyevu. Karani mzee anakaa na vitabu nyumbani kwake miaka thelathini, anafariki, watoto wanakuta sanduku la karatasi zenye kutu ya pini, wanawasha moto. Nimeliona hilo, si kusimuliwa. Na wanaongoja maajabu watasikitika. Kumbukumbu za mikutano ni nani alikuja, nani aliomba udhuru, ada ya nani imelala, mjane wa nani apewe kitu kidogo. Mambo ya ibada hayaandikwi humo.

Kingine: Uingereza sheria ya mwaka 1799 iliyolenga vyama vya siri iliziachia loji nafasi kwa sharti moja. Kila mwaka zipeleke kwa karani wa mahakama ya wilaya majina ya wanachama, makazi na kazi zao. Hilo liliendelea mpaka 1967. Maana yake orodha nyingi zimekaa kwenye hifadhi za umma miaka yote hiyo, hazina siri yoyote. Mwaka 2015 rejesta za Grand Lodge za kuanzia 1751 hadi 1921 zikawekwa mtandaoni kwa wanaotafuta ukoo. Sikusikia mbingu imeanguka.

Mchangiaji wa pili

Hapo umenipunguza nguvu, karani. Miaka mia nakubali. Lakini bado nina mfupa kooni: waliokataliwa. Kura za loji hupigwa kwa mipira, na mpira mweusi humzuia mtu asiingie. Jina lake huandikwa. Huyo hakuwahi kuwa mwanachama, hakula kiapo, hakulipa ada, na pengine hata mkewe hakujua kwamba aliomba. Unamfungulia daftari kwa idhini ya nani? Mjukuu wake atasoma kwamba babu alionekana hafai, na sababu haikuandikwa.

Mleta mada

Swali zuri kuliko yote hapa, na limenikosesha usingizi kidogo. Ningekubali kufunika majina ya waliokataliwa kwa muda mrefu zaidi, tuseme miaka mia na hamsini. Kuyafuta, hapana. Kwa sababu ukifuta waliokataliwa unabaki na historia ya waliokaribishwa tu.

Mfikirie Prince Hall. Tarehe 6 Machi 1775, yeye na weusi wenzake 14 wa Boston waliingizwa Frimasoni na loji ya kijeshi ya Waairishi, askari waliokuwa mjini kwa muda tu. Loji za wazungu zilikuwepo palepale. Hati ya kuunda loji yao ilibidi waiombe London. Ina tarehe ya 1784, ikawafikia 1787. Grand Lodge hiyohiyo ya London ikaja kuwatambua warithi wa Prince Hall wa Massachusetts, jimbo la Boston, mwaka 1994. Zaidi ya miaka mia mbili, wakuu! Kama kuna daftari la loji ya Boston la miaka ile, ambalo karani aliandika walichosemezana kuhusu watu hawa, au aliruka mstari kwa makusudi, mimi nataka kulisoma. Hata huo mstari ulioachwa wazi.