Watengenezaji wa supakaa wametunyang'anya klachi, sasa wanaiuza kama dhahabu

Wakuu, salamu baadaye, leo nimevurugwa.

Hivi hawa jamaa wanatuona mabwege? Supakaa isiyo na pedali ya klachi ni supakaa ya nini? Ferrari 458 Italia ilipotoka 2009, gia za mkono hupati hata upige magoti. Aventador ya Lamborghini, 2011, hivyohivyo. McLaren ndio wameniudhi kabisa. Hao hao waliotoa McLaren F1 miaka ya 90, dereva katikati, gia sita za mkono, waliporudi na 12C mwaka 2011 wakajifanya klachi hawaijui.

Utetezi wao: kompyuta inabadili gia haraka kuliko mkono wa mtu. Kwenye mashindano sibishi. Ferrari walipeleka gari ya kubadili gia kwa vibonyezo nyuma ya usukani kwenye Formula 1 mwaka 1989, na dereva wao Nigel Mansell akashinda mbio ya kwanza tu kule Brazil. Haya. Lakini mwenye nayo mtaani anashindana na nani? Hapa Dar zile chache zinazopita Masaki zinakimbizana na bajaji! Ukishashuka Daraja la Tanzanite unakaa foleni moja na daladala. Hiyo nusu sekunde uliyookoa unaipeleka wapi?

Kinachonichoma zaidi ni kwamba wanajua fika watu wanaitaka. Porsche walitoa 911 GT3 ya 2013 bila gia za mkono, wapenzi wa gari wakapiga kelele. 2016 wakaleta 911 R yenye klachi, gari 991 tu dunia nzima, na wenye nazo wakaanza kuziuza kwa bei za kichaa. Angalau Porsche walijirudi, 2017 mteja wa GT3 akaruhusiwa kuchagua. Wengine je? Aston Martin Valour ya 2023, injini ya V12, gia za mkono, gari 110. T.50 ya Gordon Murray, yule mbunifu wa McLaren F1, nayo gia za mkono, gari 100 za barabarani, kila moja zaidi ya pauni milioni 2 kabla ya kodi. Kodi ya kwao hiyo, ya bandarini kwetu hatujaigusa.

Yaani kitu kilichokuwa kinakuja na gari bila kuomba, wamekiondoa, wamekaa miaka kadhaa, halafu wanakirudisha kwa mabilionea mia moja na kukiita heshima kwa dereva. Heshima gani?

Na msiniambie ni gharama. Toyota waliweka gia sita za mkono kwenye Altezza RS200 tangu 1998, gari ya mfanyakazi wa kawaida, na mpaka leo vijana wa mjini wanaitafuta hiyo ya mkono, ya oto wanaipita. Toyota waliweza, Ferrari kule Maranello washindwe?

Halafu kuna mtu anakuja hapo chini kuniambia klachi na foleni ya Tabata vitaniua goti. Goti ni langu.