Dagaa wangu, nyota za mtu mwingine: hizi namba pembeni ya majina ya wauzaji ziondolewe!

Wakuu, heshima zenu. Naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe mpangilio.

Mimi ni mama wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Naanika kwenye chanja, siyo chini. Anayejua kazi hii anajua tofauti: dagaa wa mchangani utamwosha maji manne na bado jino litakwaruza. Mwanzoni mwa 2024 mwanangu aliniingiza kwenye jukwaa moja la mtandaoni la wauzaji na wanunuzi. Silitaji, sitaki kesi. Nilifurahi kwelikweli, napata mteja wa Dar au Dodoma bila kupitia kwa dalali.

Ila pembeni ya jina la kila muuzaji kuna namba, yaani wastani wa nyota 1 hadi 5 anazopewa na wateja, na kuna rangi. Kuanzia 4.7 wewe ni wa kijani. Ukishuka hapo ni njano, na mtu akitafuta dagaa wa Kigoma unatokea mwisho kabisa, huko ambako hakuna anayefika.

Vituko vilianza mapema. 2024 hiyohiyo serikali ikafunga uvuvi Ziwa Tanganyika, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi mitatu hakuna dagaa wa kuanika, sote tunajua. Nikafungua simu nikakuta nimebandikwa rangi ya kijivu: "Muuzaji asiye hai." Asiye hai! Mimi mzima, nakula na kulala, ziwa ndilo limefungwa. Na hata ziwa likiwa wazi, dagaa wanavuliwa kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali hawaifuati taa, na wavuvi hawaingii ziwani. Nani alimweleza mtengeneza programu kwamba kuna mwezi angani? Kwake wiki ni wiki.

Hilo nilimeza. Mwaka huu Machi nikatuma kilo 20 kwa basi, kwa mama mmoja wa Dar. Masika yamekolea, basi likaharibika njiani, mzigo ukafika umechelewa siku mbili. Dagaa wakavu, hawana hata harufu. Mwenyewe kaandika kwa mkono wake: "Dagaa wazuri ila wamechelewa." Halafu kagonga nyota 1. Basi si langu, mvua si yangu, dagaa ambao ni wangu kawasifia, nyota 1!

Sasa njooni tupige hesabu, maana hapa ndipo penye wizi wenyewe. Nilikuwa na tathmini 9, zote nyota 5. Ikiingia nyota 1, jumla ni 46, gawa kwa 10, napata 4.6. Njano. Chukua muuzaji mwenye tathmini 199 za nyota 5, naye apewe nyota 1 hiyohiyo na mama huyohuyo: anabaki na 4.98, hata hajui kama amepigwa. Kosa lilelile, mmoja linamfungia duka na mwingine halimwondoi hata usingizini. Na hizo 199 mnadhani zote za wateja? Watu wanachangiana nyota kama michango ya harusi, leo kwangu kesho kwako. Airbnb, wale wa mtandao wa kupangisha nyumba kwa wageni, waliliona hili mapema, mwaka 2014 wakaweka utaratibu kwamba mgeni haoni alichoandika mwenye nyumba, wala mwenye nyumba haoni cha mgeni, mpaka wote wawili wawe wameandika au muda wa kuandika umekwisha. Huku kwetu mtu anakupigia simu kabisa: "Mama, nimeshakupa tano, yangu vipi?"

Baada ya njano simu ikanyamaza. Mzigo ukanilalia. Ndipo akaja kijana mmoja wa hapahapa mjini, kijani kibichi, 4.9. Chanja hana, mtumbwi hana, ana simu tu. Akachukua viroba viwili kwa bei ya kutupa, maana anajua sina pa kupeleka.

Kesho yake nafungua jukwaa, nakuta viroba vyangu pichani. Nimevijuaje? Mimi nashona mdomo wa kiroba kwa uzi wa nyavu wa kijani, na kwenye pembe nazungusha mara tatu kisha nafunga fundo, ndivyo alivyonifundisha marehemu bibi. Ule mshono upo pale, fundo linaonekana. Hata kubadilisha viroba hakujisumbua. Chini wateja wamejipanga: "Hawa ndio dagaa wa Kigoma, hawana hata chembe ya mchanga." Nyota 5. "Mungu akubariki kaka." Nyota 5. Bei yake juu kuliko yangu, na wananunua kwa sababu ya kijani tu. Dagaa walewale kwenye ukurasa wangu ni njano.

Mwanangu yuko chuo, nilipomlilia akanisomea utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kwenye jarida la Science. Watafiti walichukua maoni mapya kwenye tovuti moja ya habari, mengine wakayapachika kura moja ya kuyakubali, bila kuangalia uzuri wala ubaya wake. Msomaji wa kwanza aliyefuata akawa na uwezekano wa kuyakubali zaidi kwa asilimia 32, na mwisho wa safari alama za maoni hayo zikawa juu kwa wastani wa asilimia 25. Yaani mtu akishaona namba, macho yake hayafanyi kazi tena.

Najua mtakuja na "bila nyota tutamjuaje tapeli?" Na mimi nimeshatumiwa ujumbe feki wa muamala nikaachia mzigo, kwa hiyo msinifundishe utapeli. Onyesheni maneno. Onyesheni mzigo uliondoka lini, ulifika lini, na ulichelewa mikononi mwa nani. Namba kaeni nayo huko ofisini kwenu mkamate wezi. "Dagaa wazuri ila wamechelewa" ni kweli tupu, sina ugomvi nayo, mteja akiisoma ataamua mwenyewe. Ile 1 iliyokaa juu yake ndiyo imesema uongo, na ndiyo watu wanayoiona kwanza.

Nimewaandikia wenye jukwaa mara tatu. Jibu ni lilelile: "Ongeza ubora wa huduma." Nikaongeze ubora wa basi?

Povu ruksa, lakini aliyewahi kuanika dagaa ndiye aanze.

NYONGEZA: Kuna wanaonisumbua nimtaje yule kijana. Simtaji. Ila najua anasoma hapa, kwa hiyo mdogo wangu, wikiendi usije na gari lako Kibirizi. Mzigo upo, na hauuzwi kwako.