Kwa nini adiponektini hupungua wakati mafuta ya mwili yanaongezeka?

MsomaBiokemia ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Naandaa pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili na kuna jambo linanitatiza. Leptini na adiponektini zote ni protini zinazotengenezwa na seli za mafuta na kumiminwa katika damu. Leptini hufuata mkondo nilioutarajia, kwamba mtu akinenepa kiwango chake hupanda. Adiponektini huenda kinyume: watu wenye unene uliokithiri, na hasa wenye kisukari cha aina ya 2, kwa kawaida huwa nayo kidogo kuliko watu wembamba. Inawezekanaje kiwanda kikapanuliwa na bidhaa yake ikapungua? Aidha, naomba kujua kama inatosha kupima RNA mjumbe (nakala ya maagizo ya jeni ambayo seli huitumia kutengeneza protini) katika sampuli ya mafuta, au ni lazima kupima protini yenyewe. Msimamizi wangu anaelekea kwenye RNA kwa sababu ya gharama.

MwalimuWaSeli amejibu:

Ndugu, kinachoongezeka kwa mtu anayenenepa mara nyingi si idadi ya seli peke yake, bali pia ukubwa wa kila seli, na hapo ndipo tabia ya tishu inapobadilika. Seli ya mafuta iliyotanuka kupita kiasi huwa mbali na mishipa midogo ya damu, hupata oksijeni kidogo, na mitambo yake ya kukunja protini huelemewa. Baadhi ya seli hufa, na chembe za kinga ziitwazo makrofaji huja kuzizunguka. Mwaka 1993 Gökhan Hotamisligil na Bruce Spiegelman walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene hutoa TNF-alfa, protini inayochochea mwitikio wa kinga, kwa wingi, na kwamba kuizuia protini hiyo kuliboresha utendaji wa insulini. Mwaka 2003 ikabainika kuwa sehemu kubwa ya TNF-alfa hiyo hutoka kwa makrofaji, wala si kwa seli za mafuta zenyewe. TNF-alfa hudhoofisha PPAR-gama, protini inayoongoza jeni nyingi za seli ya mafuta, ikiwemo ile ya adiponektini. Kwa hiyo mwitikio huu wa kinga, unaofukuta bila homa wala maumivu, hupunguza adiponektini na wakati huohuo hukwamisha ishara ya insulini ndani ya seli.

Leptini haizuiwi kwa namna hiyo, kwa kuwa uzalishaji wake hupanda kadiri seli inavyojaa mafuta. Ndiyo maana tangu maabara ya Jeffrey Friedman ilipoitambua jeni yake mwaka 1994, imechukuliwa kuwa taarifa inayoufikia ubongo kuhusu akiba iliyopo. Adiponektini, ambayo Philipp Scherer na wenzake waliieleza mwaka 1995, inasema zaidi juu ya hali ya tishu kuliko wingi wake.

DaktariWaSukari amejibu:

Nakubaliana na maelezo ya mwalimu, ila nakuomba usiandike katika pendekezo lako kwamba upungufu wa adiponektini ndio unaosababisha kisukari. Wapo wagonjwa wachache waliozaliwa na hitilafu katika kipokezi cha insulini. Usugu wao dhidi ya insulini ni mkali mno, lakini adiponektini yao iko juu. Maana yake ni kwamba insulini nyingi, inapoweza kufanya kazi kwenye seli ya mafuta, huenda ndiyo inayoishusha adiponektini. Yaani upungufu unaweza kuwa matokeo ya ugonjwa badala ya kuwa chanzo chake. Tafiti za kijenetiki za watu wengi nazo hazijaunga mkono kwa uthabiti dai la usababishi.

Upande wa pili wa hoja pia upo, na mimi huupa uzito. Mwaka 2007 kundi la Scherer lilieleza panya wasio na leptini waliofanywa kuzalisha adiponektini zaidi: walinenepa kuliko hata ndugu zao wanene, lakini sukari yao ikawa nzuri, kwa sababu mafuta yalihifadhiwa chini ya ngozi badala ya kurundikana kwenye ini. Dawa ya pioglitazoni, inayoamsha PPAR-gama, huleta picha inayofanana kwa binadamu: uzito huongezeka kidogo, mafuta ya ini hupungua, adiponektini hupanda na sukari hushuka. Kisha watazame wenye lipodistrofia, ambao karibu hawana tishu za mafuta kabisa. Wao hupata kisukari kikali na ini lenye mafuta. Kwa maoni yangu, ugonjwa huanza pale tishu inaposhindwa kuhifadhi, na mafuta yakatafuta makazi kwenye ini na misuli.

MsomaBiokemia:

Ahsanteni sana, nitabadilisha dhana ya utafiti. Je, kuhusu RNA na protini?

FundiMaabara amejibu:

Pima protini, na RNA iwe nyongeza. Adiponektini hufanyiwa marekebisho mengi baada ya kutengenezwa, kisha huungana katika makundi ya molekuli tatu, sita, au kumi na mbili na zaidi, na ni kundi kubwa ndilo linalohusishwa zaidi na utendaji mzuri wa insulini. RNA haiwezi kukuonyesha hayo. Chukua mafuta ya chini ya ngozi na ya ndani ya tumbo kutoka kwa mgonjwa yuleyule, kwa kuwa maeneo hayo mawili hayafanani, na mpe mpasuaji chombo chenye barafu mapema, maana sampuli ikikaa mezani protini huanza kuvunjika.

Tahadhari zaidi: gramu moja ya mafuta hutoa protini kidogo sana, hivyo omba kipande kikubwa kuliko ambacho ungeomba cha ini. Baada ya kusaga na kuzungusha kwenye sentrifuji, tabaka la mafuta litaelea juu. Chukua kimiminika cha chini yake bila kuligusa. Usitegemee aktini (protini ya kiunzi cha seli) pekee kusawazisha vipimo, kwa sababu kiasi chake chenyewe hubadilika seli inapotanuka. Na ukitaka kuyaona makundi ya adiponektini kwenye jeli ya kutenganishia protini, usiichemshe sampuli wala kuitia kemikali za kukata viungo vya salfa, la sivyo yote yataachana na utabaki na mstari mmoja tu.