Ushauri: Wanafunzi wa familia zenye kipato cha chini hawaulizi darasani

Chaki_Nyeupe: Wakuu, naomba ushauri. Darasa lina wanafunzi 42, wa wenye nacho na wa wasio nacho. Wenye nacho wakikwama huja mezani kuuliza. Wengine huacha swali wazi na kunyamaza. "Mwenye swali aulize" haisaidii. Nifanyeje?

Kalamu_Nyekundu: Mwalimu, hapo hapo ndipo penye tatizo. Mtoto aliyezoea kujadiliana na wakubwa nyumbani anasikia mwaliko. Aliyefunzwa kwamba adabu ni kutomsumbua mkubwa anaona ukimya ndio heshima, wala si uvivu. Jessica Calarco, mwanasosholojia wa Marekani, alikaa madarasani akaliona hili: watoto wa tabaka la kati waliomba msaada zaidi, wakapewa zaidi. Basi msaada umfuate mtoto. Zoezi likianza, subiri dakika 5, kisha pita ukianzia nyuma. Usiulize "umeelewa?", maana atajibu "ndiyo" yaishe. Weka kidole kwenye daftari: "Huu mstari wa pili umeupataje?" Hapo kosa linajitokeza lenyewe.

Dawati_la_Nyuma: Tazama na wanavyokaa. Ray Rist alichapisha mwaka 1970 utafiti wa darasa la awali huko Marekani. Kufikia siku ya 8 mwalimu alishawagawa watoto kwenye meza 3 bila mtihani wowote, na waliovaa vizuri walikuwa karibu naye. Inauma, kwa sababu mgawanyo ule uliwafuata madarasa ya mbele. Gawa viti kwa bahati nasibu kila wiki 2.

Mama_Daftari: Kazi ya mradi inayotaka manila, rangi na printa inapima mfuko wa mzazi. Ifanyikie darasani, vifaa vilevile kwa wote. Na majina ya wanaodaiwa michango yasisomwe mbele ya wenzao, jamani! Mtoto aliyeaibishwa asubuhi hanyooshi mkono siku hiyo.

Chaki_Nyeupe: Nashukuru. Ila kupitia 42 kwa dakika 40?

Kalamu_Nyekundu: Si wote kwa mpigo. Chukua 7 kila kipindi, dakika moja moja, uweke tiki kwenye orodha. Vipindi 6 umewamaliza. Changanya majina: ukiwafuata wasio nacho peke yao, wenzao watang'amua, na watoto hao wataanza kufunika daftari ukikaribia.