Naomba ushauri: globu zilizokufa nizipeleke wapi?

Assalaam aleikum ndugu zangu. Niko Wete, Pemba. Nina ndoo nzima ya zile globu za kujisokota, za kubana umeme, zote zimekufa.

Nilizinunua kwa nia njema, maana wati 11 zinakaribia mwanga wa globu ya zamani ya wati 60. Lakini umeme ukipanda na kushuka hazidumu. Nimefungua kitako cha moja: mna kibao cha saketi, transista, na kapasita (kijikopo cha kutunza chaji ya umeme) imevimba kichwa. Kioo chenyewe kizima! Na humo kiooni mna zebaki, miligramu chache tu, ila ni sumu, na taka zetu huishia shimoni au kuchomwa, visima viko hapo hapo.

Juzi mwanangu kavunja moja chumbani. Nikawatoa watoto, nikafungua madirisha, nikaokota vigae kwa karatasi ngumu bila kufagia. Hadi leo roho haijatulia.

Mwaka 2022 nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana kuacha kutengeneza na kuagiza globu hizi ifikapo 2025, kwa hiyo nahamia LED. Lakini hizi za ndooni je? Kuna anayezipokea Unguja au Dar? Na fundi akibadilisha kapasita, zitawaka tena kwa usalama?