Bukavu: nani aliamuru mama atengwe na mtoto wake njiti?

Ndugu zangu, nina hasira na sitaificha. Mke wangu amejifungua kabla ya wakati katika hospitali moja ya hapa mjini. Mtoto hakufika hata kilo mbili. Wakamlaza kwenye kuveze moja, kile kisanduku cha kumpa njiti joto, na mtoto wa mama mwingine, mama akaambiwa akae nje kwenye benchi, aitwe saa ya kunyonyesha. Mimi ndiyo kabisa: "Papa, humu hawaingii wanaume."

Umeme ukikatika usiku, kuveze inapoa. Na baridi ya Bukavu mnaijua! Kifua cha mama hakingoji jenereta. Cha baba pia.

Kumlea njiti kifuani, yaani njia ya kangaruu, si anasa ya Wazungu. Ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa daktari Edgar Rey, kwa sababu kuveze hazikutosha na watoto walikuwa wanarundikwa pamoja. Shida yetu hii hii! Mtoto anavalishwa kofia, soksi na nepi, analazwa wima kifuani ngozi kwa ngozi, kichwa kimegeukia upande apate kupumua, anafungwa vizuri na kikwembe. Basi. Utafiti uliotoka 2021, Tanzania na Malawi zikiwemo, uliona kuianza njia hii mara tu mtoto anapozaliwa kunapunguza vifo kwa robo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza: anzeni haraka iwezekanavyo, saa 8 hadi 24 kwa siku. Huku kwetu mama anapewa dakika chache, tena kwa kufokewa.

Lakini kilichoniuma zaidi ni mke wangu mwenyewe. Alifika mahali pa kuogopa kumgusa mwanawe. Ananiuliza kama ni yeye aliyemponza, kama ni mizigo aliyobeba, kama ni ile milima ya Kadutu hapa mjini aliyokuwa akiipanda. Hakuna aliyemkalisha chini akamweleza. Alipolia aliambiwa, "Mama, nyamaza, maziwa yatakauka." Hayo ni maneno ya kumwambia mzazi? Bili ya kuveze lakini ililetwa kwa dola, bila kuchelewa.

Waganga na wauguzi mnaosoma hapa, nijibuni: ni amri ya nani inayotufungia mlango? Na kama kuna mama aliyeruhusiwa kulala na mtoto wake kifuani katika hospitali yoyote ya Bukavu, aandike hapa alimwendea nani na alisema nini. Kesho asubuhi narudi pale.